Sahani ya Kumi

Hakuna kitu kilichomuudhi Mama Mizani kama fomu isiyo na kasoro. Miaka kumi na minne alikuwa akipima chakula cha watoto wa shule, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona fomu safi namna ile. Siku tano, sahani thelathini na moja kila siku, na kila sahani gramu mia nne na ushee. Safu ya mabaki, ile ya kuandikia chakula anachokiacha mtoto, ilikuwa sifuri kuanzia juu mpaka chini. Ijumaa hiyo mchana alikaa kwenye benchi nje ya jiko la shule, miwani puani, akaipitia fomu mara ya tatu, na kila alipoipitia hasira ilizidi kumpanda.

Jina la Mama Mizani alipewa na watoto siku ya kwanza tu, walipomwona anatoa mizani yake ya betri kwenye mkoba wa kitambaa na kuipangusa kwa upindo wa kanga. Kazi yake ilikuwa hivi. Watoto mia tatu na kumi na wawili wanapanga mstari mmoja mbele ya dirisha la jiko. Kila mtoto wa kumi anasimamishwa, sahani yake inapimwa, uzito unaandikwa pamoja na darasa lake na namba yake ya rejesta. Akimaliza kula anarudi na sahani, kilichobaki nacho kinapimwa. Kwa nini kila wa kumi, asiwe wa saba au wa mwisho? Kwa sababu ofisini waliamua hivyo, na aliyeamua hajasimama kwenye mstari wa chakula tangu aote ndevu.

Basi tazama. Mtoto wa darasa la kwanza, miaka sita, tumbo lenyewe kiganja, eti amekula gramu mia nne na ishirini za wali na maharage asiache hata punje. Haya, tuseme alikuwa na njaa. Lakini huyu wa darasa la nne, namba themanini na saba, Jumatatu yumo. Jumanne yumo. Jumatano, Alhamisi, na leo yumo. Katika watoto mia tatu na zaidi, mmoja anaangukia kwenye mizani siku tano mfululizo. Mama Mizani hakusomea hesabu za bahati nasibu, lakini si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Namba themanini na saba alikuwa bombani, anaosha sahani yake. Msichana mwembamba, magoti yamepauka, mdomo mwepesi. Wenzake walimwita Kumi, na wiki nzima Mama Mizani alidhani ni jina la utani alilotoka nalo nyumbani.

"Wewe, hebu njoo. Kwa nini wanakuita Kumi?"

Mtoto akaangalia vidole vya miguu yake. "Kwa sababu nasimama wa kumi."

"Kila siku?"

"Au wa ishirini. Hata wa thelathini sawa. Ila wa kumi ndiyo nzuri, chakula kinakuwa bado cha moto."

"Na kwa nini usimame hapo?"

Kumi akamtazama kwa huruma kidogo, jinsi watoto wanavyowatazama wakubwa wasiojua kitu. "Kwa sababu sahani inayopimwa inajazwa."

Akamwaga yote, wala hakuona cha kuficha. Nafasi ya kumi inauzwa. Bei yake penseli moja, na siku watu wakiitaka sana inafika kalamu ya wino. Yeye Jumatatu aliangukia hapo kwa bahati tu, Jumanne alitoa penseli. Jumatano alitoa nusu ya kifutio. Alhamisi alimfanyia mtu hesabu za nyumbani, zote, pamoja na zile za kugawanya. Leo hakutoa kitu. Aliwahi tu, akahesabu vichwa, akajichomeka. Sahani nyingine zikoje? Kumi akakunja kiganja kuonyesha. Hivi, alisema, na wengine hivi.

Mama Mizani akamwambia ahsante, nenda darasani. Kisha akasimama akaingia jikoni, na mtu yeyote aliyemjua angempisha njia.

Mle ndani mpishi alikuwa ameinamia sufuria kubwa, kichwa na mabega vimezama humo, anasugua kwa steelwaya. Mpishi huyu alikuwa wifi yake, dada wa mume wake. Ofisini hakuna aliyeuliza kama ana ndugu kwenye shule hii, naye hakujisumbua kusema. Wiki nzima walikuwa wakicheka pamoja kwenye kile kidirisha, wifi anagawa, yeye anapima, na sasa alipokumbuka kile kicheko alisikia uso unawaka.

"Wifi, umenichezea shere."

"Shere gani tena?" Sauti ilitoka ndani ya sufuria.

"Sahani ya kumi."

Steelwaya ikanyamaza. Wifi akatoa kichwa taratibu, masizi mpaka kwenye viwiko. "Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ulitaka nifanyeje? Mwalimu mkuu aliniita akasema, watu wa mizani wanakuja, sahani zao zijae. Unamkumbuka mpishi aliyekuwa hapa kabla yangu? Naye walimjia na mizani hivihivi. Wakakuta kidogo. Unajua walimwambia nini? Mwizi. Mbele ya watoto. Wakampekua mkoba, wifi, hata ukoko hawakuukuta, na bado kitumbua chake kikaingia mchanga. Mimi nina watoto wanne, na kaka yangu uliyenaye hajawahi kunisaidia hata kiberiti."

"Kwani na wewe unaiba?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Wifi akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Njoo Jumatatu asubuhi upime ndoo ninazopewa stoo," alisema. "Kisha urudie hilo swali."

Hapo ndipo hasira ya Mama Mizani ilipogeuka ikamrudia mwenyewe. Juu kabisa ya fomu kulikuwa na kisanduku cha chakula kibichi, kile kinachoingia kwenye sufuria. Siku zote tano alikuwa ameandika: mchele kilo arobaini, maharage kilo kumi na tano, chanzo mwalimu mkuu. Ufunguo wa stoo anao mwalimu mkuu, fomu inaruhusu kuandika anachosema, naye akaandika. Miaka kumi na minne kazini, anavaa miwani ya mbao kama mwanagenzi. Alijiona mpumbavu, na hakuna kitu kilichokuwa kikimtia hasira kuliko hicho.

Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Kisha akasema jambo ambalo aliapa kwa maandishi kwamba hatalisema kwenye shule yoyote.

"Wifi, sikiliza. Hizi namba si za kumkamata mtu. Shule ambayo sahani haifiki gramu mia tatu inaingizwa kwenye orodha ya nyongeza. Inaletewa mchele, maharage na mafuta, mwaka mzima. Inayozidi mia tatu haipati kitu."

Midomo ya wifi ilikuwa ikihesabu.

"Kwa hiyo nikijaza, nawanyima."

"Ndiyo."

"Na wakionekana wana njaa, wanaletewa."

"Ndiyo."

"Na hamkutuambia."

"Tulikatazwa. Walisema tukiwaambia mtadanganya."

Wifi akacheka, kicheko kikavu kisicho na raha yoyote. "Sasa si tumedanganya."

Mama Mizani alimpigia msimamizi wake palepale nje, kando ya kuni. Msimamizi alikuwa kijana mpole mwenye shahada mbili na feni mezani. Feni ilisikika kwenye simu.

"Wiki hii yote naifuta," alimwambia. "Wiki ijayo napima sahani zote."

"Mama, utaratibu ni sahani ya kumi."

"Utaratibu wako watoto waliujua kabla ya Jumanne. Wanauuziana kwa penseli."

"Basi iandike kwenye sehemu ya maoni."

"Nani anasoma maoni?"

Feni ilizunguka weee.

"Mama yangu," msimamizi alisema hatimaye, "shule haihesabiwi bila siku tano zilizo sawa. Ukifuta tano kati ya kumi ulizopewa, zimebaki tano kamili. Ikiharibika hata moja, wametoka kwenye orodha, na mimi sina pa kuwarudisha. Chakula kibichi kipimwe kwa macho yako, na kila siku mwalimu mkuu atie sahihi. Asipotia, usiniletee."

"Atatia," alisema Mama Mizani, na hakuwa na habari atamfanyaje.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa mlangoni pa stoo na mizani ile kubwa ya kuning'iniza. Mlinzi wa stoo, anayeachiwa ufunguo na mwalimu mkuu kila asubuhi, alimpa wifi ndoo zake mbili kama kawaida. Mama Mizani akazitundika moja baada ya nyingine. Mchele: kilo kumi na tisa. Maharage: kilo sita. Alipima mara mbili, akabadilisha ndoano, akapima tena. Kumi na tisa na sita, kwa watoto mia tatu na kumi na wawili.

"Haya, rudia swali lako," alisema wifi.

"Nisamehe, wifi."

"Nikishamaliza kupika nitafikiria."

Mwalimu mkuu alipopata habari alikuja mbio mpaka jikoni, shati limenyooshwa pasi, funguo zinagongana kiunoni. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Mama Mizani zaidi, maana mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Wali uliochanganywa na maharage ulikuwa umeshaiva kwenye sufuria mbili, na hotpoti mbili za walimu zilikuwa zimeshajazwa na kuwekwa pembeni. Mama Mizani alikuwa amezipima nazo. Kilo tano.

"Umepima stoo yangu bila ruhusa," alisema mwalimu mkuu.

"Nimepima ndoo. Mwalimu, uliniambia arobaini. Siku tano nimeandika arobaini yako."

"Karatasi iliyotoka juu inasema arobaini."

"Na sufuria inasema kumi na tisa. Watoto wanakula karatasi?"

Mwalimu mkuu akavuta pumzi. "Magunia yanayokuja ni ya mwezi mmoja na nusu. Muhula una miezi mitatu. Wewe ungefanyaje? Ungewapa arobaini mwezi na nusu wa kwanza, halafu muda uliobaki uwaimbie nyimbo?"

"Ningesema."

"Nilisema. Niliposema walileta mizani, wakamfukuza mpishi, na mimi nikapewa barua ya onyo. Mchele hawakuleta. Sasa nimejifunza kunyamaza, na wewe unataka kunifundisha upya."

Mama Mizani akamweleza. Kwa mara ya pili akavunja kiapo chake, na safari hii kwa sauti, wapishi wasaidizi wanasikia. Mia tatu, orodha, nyongeza. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, na usoni pake tumaini lilipita mara moja tu, kisha woga ukalifukuza.

"Maneno hayo unayo kwa maandishi?"

"Sina."

"Basi mimi ninayo barua ya onyo kwa maandishi." Alirekebisha kola. "Pima unavyotaka. Lakini sahani zikiwa ndogo leo, sitatia sahihi kwamba chakula ni kidogo. Nitaandika kwamba mpishi hajui kugawa. Kuna mkono unaojua kugawa na mkono usiojua. Wa mwanzo haukujua, huenda na huu haujui."

Mama Mizani alikuwa ameshafungua mdomo amtolee uvivu pale wifi alipompita. Wifi hakupandisha sauti. Alivua aproni yake, akamfunga nayo mwalimu mkuu kiunoni, juu ya funguo na kila kitu, akamshikisha upawa.

"Gawa wewe," alisema. "Mkono wako unajua."

Kengele ikalia. Watoto walikuwa wameshajipanga nje, na vichwa vya mbele vilikuwa vinachungulia dirishani. Mwalimu mkuu aliangalia upawa, akaangalia watoto, na alikuwa mtu wa heshima zake; asingeweza kuuweka chini mbele yao.

Mama Mizani alitoka akasimama kwenye meza yake. "Leo sahani zote zinapimwa," aliwatangazia. "Zote, mpaka ya mwisho."

Mstari mzima ulishangilia. Hakuelewa walichokuwa wakishangilia, akadhani ni utundu tu. Alimtafuta Kumi pale penye nafasi ya kumi, hakumwona. Alimkuta nyuma kabisa, mtu wa mwisho, ameegemea ukuta anachezea sahani, hana haraka.

"Leo mbona uko huku?"

"Si umesema zote zinapimwa?" alisema Kumi, na akamcheka kidogo.

Mama Mizani alirudi mezani ana haraka ya kazi, hakulitafakari jibu hilo. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo.

Mwalimu mkuu alianza kwa mbwembwe. Alichota upawa umejaa, akaongeza na kidogo juu. Mama Mizani alisoma kila uzito kwa sauti, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Mia nne na kumi. Mia nne. Mia nne na thelathini." Watoto wa mbele walipita wamekumbatia sahani zao, macho yamewatoka, hawaamini. Mwalimu mkuu alimtupia wifi jicho, kana kwamba anamwambia, unaona?

Wifi alikuwa amekaa kwenye ndoo, mikono magotini. Alipofika mtoto wa sitini akasema, "Mwalimu, chungulia sufuria. Halafu chungulia mstari."

Akachungulia sufuria. Akachungulia mstari, ulipita vyoo, ukapinda kona ya madarasa, mkia wake hauonekani. Upawa uliganda hewani.

"Mia mbili na hamsini," alisoma Mama Mizani. "Mia mbili. Mia moja na tisini."

"Mwalimu, mbona yake ni nyingi?" aliuliza mtoto mmoja, akimwonyesha mwenzake aliyetangulia.

"Nenda ukakae."

"Mia moja na sitini. Mia moja na arobaini. Mia moja na arobaini."

Ilichukua saa nzima na robo. Jasho lilimtiririka mwalimu mkuu likaingia kwenye kola yake iliyonyooshwa. Alibadilisha sufuria, akaanza kupunguza punje kwa punje, akarudisha nusu upawa, akaomba radhi kwa mtoto wa darasa la pili bila kujua kama anaomba radhi. Mwisho ikasikika sauti ya chuma inakwaruza chuma. Alikwangua ukoko akampa mmoja, akakwangua tena akampa mwingine. "Tisini. Sitini na tano." Kisha hakukuwa na cha kukwangua.

Walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

"Nyinyi," alisema mwalimu mkuu, sauti imekauka, "nyinyi kesho mtakuwa wa kwanza. Sawa? Nendeni darasani."

Hakuna aliyekwenda. Walisogea mmoja mmoja kama walivyojipanga, kwa sababu mstari ni mstari, wakaweka sahani tupu kwenye mizani, wakazitoa. Wa mwisho alikuwa Kumi. Aliweka yake vizuri katikati, akasubiri.

"Mama, pima."

Mizani ilikuwa imeshatoa uzito wa sahani. Ilionyesha sifuri.

"Haina kitu, mwanangu."

"Lakini inapimwa," alisema Kumi. Hakulia. Alimgeukia mwalimu mkuu, kisha wifi, kisha akarudi kwa Mama Mizani, akitafuta nani kati yao amekosea. "Umesema zote zinapimwa. Inayopimwa inajazwa."

Mama Mizani alitaka kupasua kitu. Alitaka kuipigiza ile mizani ukutani na betri zake. Badala yake akashika kalamu, akaandika darasa la nne, namba themanini na saba, sifuri. Akapiga mstari chini ya safu, akajumlisha, akagawanya kwa mia tatu na kumi na mbili. Gramu mia moja na tisini na mbili. Akaigeuza fomu upande wa mwalimu mkuu.

"Hapa chakula kibichi. Hapa sahani. Hawa kumi na mmoja ninao kwa namba zao. Kama kuna mahali pa kuandika mkono usiojua kugawa, paandike mwenyewe, mbele yao."

Mwalimu mkuu alisimama na upawa mkononi, punje zimemganda kwenye kifungo cha shati. Alisoma safu ya mwisho yote, kwa kidole, kama mtoto. Akatia sahihi juu, akatia chini. Kwenye nafasi ya maelezo ya mwalimu mkuu akaandika: chakula hakitoshi. Halafu, bila kumwangalia mtu, akaingia jikoni akatoka na zile hotpoti mbili za walimu, akazifungua mezani.

Watoto kumi na mmoja walisogea. Kumi alinyoosha sahani, ikatiwa, akaitazama, akamtazama Mama Mizani.

"Kesho nisimame wa ngapi?"

Wifi ndiye aliyeinuka, akamnyang'anya mwalimu mkuu upawa wake.

"Popote," alisema. "Kesho nagawa mimi, na zote zitakuwa ndogo sawasawa."